Divai ya moto yenye viungo: kuipasha kwenye mbabula (jiko la mkaa) bila kuichemsha

Usiku wa tarehe 30 Juni mwaka jana, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kamalondo. Wageni walishakaa lupangoni, yaani uani, baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita mnaijua, na yeye alikuwa amemwaga chupa tatu za divai nyekundu kwenye sufuria moja.

"Yaya, imekuwa chungu kama kwinini. Nimeongeza sukari, sasa ni chungu na ni tamu."

Nikamuuliza: ilichemka? Akanyamaza.

Sikuwa na uso wa kumcheka. Mara yangu ya kwanza niliharibu chupa mbili, kisha nikapoteza jioni nzima nikichuja kwa kitambaa unga wa karafuu ambao hauchujiki. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza siku iliyofuata, tukiwa na sufuria mbele yetu.

Wajerumani wanaiita Glühwein, Wafaransa vin chaud, Waswidi glögg, na kwao ni kinywaji cha Desemba, theluji ikiwa nje. Kwetu Desemba ni mvua na joto, kwa hiyo Krismasi siipiki kabisa. Msimu wake hapa ni Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya digrii 10 na kila mtu anavuta kiti karibu na moto.

Vipimo

Kwa chupa moja ya sentilita 75: glasi moja ya maji, vijiko 6 vya mezani vya sukari, vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 6, iliki 4 zilizopasuliwa, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, na chungwa 1. Utapata vikombe vitano vya chai.

Ukipika chupa tatu, divai, maji na sukari zidisha mara tatu, lakini karafuu usizidishe hivyo. Kumi na mbili zinatosha. Karafuu ina mafuta makali, ndiyo yale yale unayoyanusa kwa daktari wa meno, na ikizidi ulimi unakufa ganzi.

Divai

Nyekundu, kavu, ya bei ndogo. Ile ya kartoni inayotoka Afrika Kusini na kupita mpakani Kasumbalesa inafaa sana. Anayepasha chupa ya bei kali anatupa pesa, kwa sababu viungo vitafunika kila alicholipia. Kama divai yako ni tamu tangu dukani, punguza sukari kwa nusu. Na kama ilifunguliwa wiki mbili zilizopita, hiyo huenda imeshaanza kuwa siki. Weka kwenye saladi.

Viungo na chungwa

Vizima, si vya unga. Sitabishana na mtu juu ya hili. Unga unakaa chini ya kikombe kama matope, na kila dakika unazidi kutoa uchungu.

Chungwa lioshe kwa maji moto, kisha menya ganda la juu tu, jembamba, kwa kisu kikali. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda ni chungu. Ukiiona imeshikamana na ganda, ikwangue. Tunda lenyewe kamua maji yake, uyaweke kando.

Sufuria

Tumia ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) au ile ya rangi ya kizamani, ya mabibi zetu, iliyopakwa enameli. Ile ya alumini nzito inayoyeyushwa na mafundi wetu kutokana na vyuma chakavu naipenda kwa bukari (ugali) na maharage, lakini kwa divai hapana. Divai ni kali kama ndimu, inakula chuma hicho, unapata ladha ya sarafu mdomoni. Na katika vyuma chakavu huwezi kujua kama madini ya risasi, yenye sumu, hayamo. Mimi nina sufuria moja nyeupe yenye mstari wa buluu, imebanduka kwa nje tu. Kama yako imebanduka ndani, iache.

Shira

Weka maji, sukari, viungo na ganda la chungwa kwenye sufuria. Hapa chemsha bila hofu, dakika 15, mpaka maji yawe mazito kidogo na rangi ya chai. Viungo vinahitaji kuchemka ndipo vitoe ladha, na divai haihitaji kuchemka. Watu wanaviweka pamoja tangu mwanzo, halafu wanangoja viungo viive huku divai inateketea.

Moto

Hapa ndipo palipomshinda mdogo wangu, na mimi kabla yake.

Utasoma mahali pengi kwamba pombe inapaa kwenye digrii 78. Hiyo ni pombe tupu, tena kando ya bahari. Divai ni maji zaidi kuliko pombe, kwa hiyo kule baharini inachemka kwenye digrii 90 na ushei. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Huku hata maji matupu yanachemka kwenye 96 hivi, na divai inatangulia. Kwa maneno mengine, sufuria yako itachemka mapema kuliko alivyokuambia mpishi yule wa Ulaya, na utaambiwa na povu wakati umeshachelewa. Tena pombe na harufu hazingojei povu. Harufu ile inayojaza lupango lote, ambayo kila mgeni anaisifia akiingia mlangoni, ndiyo ladha yenyewe inakimbia.

Unachotaka ni digrii 65 hadi 70. Kwenye resho ya umeme ni rahisi, kama umeme upo. Kwenye mbabula, makala (mkaa) hayana kitufe cha kupunguza. Nilijaribu kuinua sufuria juu ya mawe matatu, nikajaribu kutoa makala kwa koleo nusu nusu, nikaunguza kidole na divai ikachemka vilevile. Kilichonisaidia ni sufuria ndani ya sufuria.

Chukua sufuria kubwa (hii hata ya alumini haina neno, divai haiigusi), weka maji mpaka nusu, iweke kwenye mbabula. Makala yawe yameshashika vizuri na kuvaa majivu meupe. Kama bado yanatoa miali, ngoja. Maji yakianza kutetemeka, tumbukiza ndani yake ile sufuria ya shira, kisha mimina divai yote. Maji ya nje yakitaka kuchemka kwa nguvu, mwaga humo kikombe cha maji baridi. Nyunyizia makala majivu kwa kijiko. Kaa hapo. Usiende kusalimia wageni.

Baada ya dakika kama 20, kama huna kipimajoto, angalia hivi: mvuke unapanda mwembamba, uso wa divai unatikisika kidogo, na ukingoni kuna viputo vidogo kama ufuta ambavyo havipasuki. Onja kwa kijiko: kinauma mdomo lakini unaweza kumeza. Ukiona kiputo kimoja kikubwa kinapanda kutoka chini, toa sufuria mara moja, hata kama mkono mmoja umeshika simu.

Na mbabula ikae nje. Najua baridi, najua mama fulani ameileta sebuleni miaka yote. Gesi ya makala haina harufu, haina rangi, na inaua watu wamelala. Pikia nje, ingiza sufuria.

Kumalizia

Mimina maji ya chungwa, chuja, tia kwenye termosi. Termosi mbili za chai zinatosha kikao kizima, na hutalazimika kurudisha sufuria motoni kila saa. Watoto wasipewe, pombe bado imo nyingi. Kwao, na kwa wale wa kanisani, shira hiyohiyo itie kwenye jusi ya zabibu bila kuongeza sukari.

Ikiwa imeshachemka

Haiponi, inapunguzwa tu makali. Usiongeze sukari. Toa viungo vyote kwanza, kisha ongeza divai mpya ambayo haijaona moto, chupa moja kwa kila mbili zilizoharibika, na maji ya machungwa mawili.

Ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu usiku ule. Simu akaiweka kwenye kipaza sauti, juu ya ndoo, akaanza kuzitoa karafuu kwa kijiko huku akizihesabu. Nilimsikia shemeji akiuliza kama divai iko tayari. Hesabu ilikuwa imefika arobaini na moja, na alikuwa bado anakoroga chini.