SOMO: Kubadili mazabodi (bodi kuu) ya laptopu mwenyewe, kuanzia kuhakikisha imekufa kweli

Habari zenu wakuu. Hapa Tabora laptopu ikigoma kuwaka tu utaambiwa "hiyo mazabodi imekufa, agiza nyingine Kariakoo", na watu wanatuma hela Dar, mzigo unapakiwa kwenye basi, unafika, kumbe tatizo lilikuwa chaja. Inaniuma sana hii, maana wengi ni wanafunzi na walimu na hela yenyewe ya kuungaunga. Kwa hiyo nusu ya somo ni mambo ya kufanya kabla hujashika bisibisi.

Kwanza hakikisha. Pima chaja kwa mita, nyingi za HP na Dell zinatakiwa zitoe volti 19.5 na Lenovo 20, ikisoma chini sana au inapanda na kushuka tafuta chaja ya kuazima. Kisha chomoa chaja, toa betri (kama iko ndani fungua mfuniko uchomoe konekta yake), bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30, rudisha chaja peke yake bila betri ujaribu. Bado? Toa ramu zote, weka moja, ikigoma hamisha tundu, jaribu na nyingine. Toa na hadidiski. Kama taa inawaka na feni inazunguka ila skrini nyeusi, chomeka kwenye tivii kwa HDMI, picha ikitokea huko basi mara nyingi mazabodi yako ni nzima, hangaika na skrini au waya wake. Ukimaliza yote hayo na bado kimya, hapo ndio tunaanza kuongelea mazabodi.

Kuagiza. Hapa ndipo pesa inapopotea. Mazabodi hainunuliwi kwa jina la laptopu, inanunuliwa kwa namba yake. Ukisema "nataka ya EliteBook 840 G3" utaletewa yoyote, wakati laptopu ya jina hilohilo inaweza kuwa na i5 au i7, na prosesa kwenye hizi za miaka ya karibuni imechomelewa humohumo kwenye bodi, huwezi kuhamisha ya zamani. Fungua laptopu yako, tafuta stika kwenye bodi (mara nyingi karibu na tundu la ramu) na namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, zinazotengenezwa na Compal zinaanza na LA, za Quanta DA0. Piga picha zote mbili mtumie muuzaji na yeye akutumie picha ya anayokuuzia. Halafu mwambie aiwashe akurekodie video mpaka ndani ya bayosi (ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows), uone haina paswedi. Nyingi za mtumba zilikuwa za maofisini huko Ulaya na zimefungwa, ukiletewa ya hivyo umenunua chuma.

Data. Laptopu nyingi zenye Windows 10 na 11 diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data) bila mwenyewe kujua. Ukiweka mazabodi mpya itakuomba namba ya tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uitafute na uiandike kwenye karatasi KABLA ya kazi. Kama haipo popote, usije ukakubali mtu akuambie ataifungua, hafungui.

Kazi yenyewe. Meza safi, mwanga wa kutosha, piga picha kila hatua. Kiangazi hiki hewa ya kwetu ni kavu mno, ukivua sweta tu linatoa cheche, na cheche hiyo inatosha kuua bodi, kwa hiyo usifanyie kazi juu ya blanketi wala zulia, na gusa kitu cha chuma kikubwa kila ukirudi mezani.

Chomoa chaja, fungua mfuniko, na kitu cha kwanza kabisa kuchomoa ni betri. Ukichomoa waya wa skrini wakati betri bado inaleta umeme unaweza kuunguza fyuzi ya taa ya skrini, halafu ukadhani bodi mpya ni mbovu. Baada ya hapo hadidiski, ramu, kadi ya waifai na antena zake mbili (angalia ipi imekaa wapi), feni, kisha waya bapa za kibodi na tachipadi. Hizo waya bapa zina kijimlango, kiinue kwa ukucha taratibu ndio waya itoke yenyewe, ukivuta kwa nguvu umeikata. Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu skrubu ndefu ikiingia tundu fupi inatoboa kava au inagusa bodi.

Kipoza joto kina skrubu zenye namba 1, 2, 3, 4. Legeza kidogokidogo kwa kuzunguka. Futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto juu ya prosesa) kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati ya prosesa, ukikaza fuata namba.

Funga bodi mpya kwa skrubu chache, rudisha waya zote, betri mwisho, kisha WASHA kabla ya kufunga mfuniko. Mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa na kujizima na kujiwasha, inasoma ramu, usiizime. Ikiwaka ingia bayosi (HP F10, Dell F2, ThinkPad F1), rekebisha tarehe, hakikisha ramu na diski zinaonekana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nzega: Mwangaluka fundi. Nimebadili ya Dell, bayosi inafunguka vizuri ila Windows inaleta skrini ya bluu na kujirudia.

Jibu: Mwangaluka mkuu. Usipige Windows upya kwanza. Ingia bayosi sehemu ya SATA, ndiko bodi inapopangiwa namna ya kuongea na diski, RAID au AHCI. Dell nyingi huja zimewekwa RAID, kama bodi ya zamani ilikuwa AHCI ndio vurugu hiyo. Badili irudi ilivyokuwa.

Mdau wa Urambo: Kaka, fundi kaniambia nisinunue mpya, ataichemsha ya zamani kwa hita itafufuka. Niamini?

Jibu: Inaweza ikawaka, dada, ila mara nyingi ni ya muda tu na ikizima tena inakuwa mbaya zaidi. Kama ataiwasha basi tumia nafasi hiyo kutoa mafaili yako yote, siyo kuanza kuandikia ripoti.

Mdau wa Isevya: Windows inasema haijaamilishwa baada ya kubadili, nilinunua laptopu na Windows yake halali.

Jibu: Leseni ilikuwa imefungamana na bodi ya zamani. Ingia kwa akaunti ya Microsoft uliyokuwa unatumia mwanzo, nenda sehemu ya kuamilisha, endesha kitatuzi (Troubleshoot), chagua kwamba umebadili kifaa cha ndani ya laptopu hivi karibuni.

Mdau wa Sikonge: Mtoto kamwaga chai kwenye kibodi jana usiku, imezima. Niagize bodi?

Jibu: Hapana mama, usiagize na usiiwashe kujaribu. Chomoa betri sasa hivi, fungua, safisha palipolowa kwa spiriti na mswaki laini, sukari ya chai ndiyo inayokula bodi. Iache ikauke vizuri siku mbili, kisha niandikie imekuwaje na utume picha ya bodi pande zote mbili.