Daktari mhamiaji aliyejitolea kwa jamii akifariki, mnamuenzi vipi?

Kinachoharibu hotuba nyingi ni sifa, alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu, yani maneno ambayo unaweza kumbandika marehemu yeyote yakamkaa. Daktari aliyetoka nchi nyingine alafu akajiingiza kwenye mambo ya mji alioukuta anakua ameacha kazi zinazoonekana, anzeni na hizo.

Tafuteni watu wa nje ya hospitali. Manesi na wagonjwa watajitokeza wenyewe, wanaosahaulika ni katibu wa kamati ya shule na yule aliyekua anazunguka nae kukusanya sahihi. Waulizeni alibishania nini, na alishindwa wapi pia. Kama mihtasari ya vikao vya zamani ipo iombeni, maana humo ndo unakuta katoka zamu jioni kaja moja kwa moja kikaoni kuuliza kwa nini maji ya bomba la shule yana rangi, kikao kinachofuata kauliza tena lilelile. Aya moja ya hivo inatosha.

Alafu msiiruke miaka ya katikati. Watu huandika alizaliwa kule, akasoma, akawa daktari huku, basi. Kumbe Marekani kwa mfano, aliyesomea nje kwa kawaida anafanya mitihani ya leseni ya udaktari, USMLE, na kuanza upya residensi, yani mafunzo ya ubingwa hospitalini, hata kama kwao alikua bingwa, Uingereza wengi wanapitia mtihani wa PLAB. Kipindi hicho aliishije, nani alimpa pa kulala? Na kama alikimbia siasa semeni, ila familia ikubali kwanza. Daktari Abraham Jacobi alikaa jela Ujerumani baada ya vuguvugu la mapinduzi la 1848, akaingia New York 1853 na baadae akaitwa baba wa tiba ya watoto Marekani, sasa ukificha ile jela mimi naona umemkata mtu nusu.

Siri za wagonjwa ndo sehemu watu wanateleza. Tamko la Geneva, ile ahadi ya madaktari ya 1948, liliongezewa mwaka 1968 kwamba siri inatunzwa hata mgonjwa akishafariki, kwa hiyo msisimulie kesi mpaka mtu akajitambua pale alipokaa. Mgonjwa akitaka kusimama mwenyewe mpeni maiki.

Kitu cha kudumu kifanane na alichokua anakipigania. Jacobi ana hospitali Bronx, New York, yenye jina lake. Dr Ribeiro, Mgoa (mtu wa Goa, India) aliyefika Nairobi 1900 na kuzungukia wagonjwa akiwa kapanda punda milia (kweli kabisa), jina lake lilikwenda kwenye shule ya Wagoa wenzake aliyoichangia. Mkichangisha hela, andikeni mapema ni za nini na mwisho lini, na watia saini wa akaunti wasiwe wanafamilia watupu, maana grupu la WhatsApp likianza kuulizana hela iko wapi marehemu anasahaulika palepale.

Ndugu walio mbali wawekeeni laivu, na saa mtangaze ya kwao na ya huku. Kibao au kijitabu kabla hakijaprintiwa watumieni wasome, majina ya wahamiaji mara nyingi yana spelingi zaidi ya moja, ya pasipoti na ya cheti cha shule hazifanani, na wao ndo wanajua yeye mwenyewe alikua anaandika ipi.