Namna ya Kupima Hoja ya Kuhamisha Fedha za Usafiri wa Mjini

Kabla ya kupendekeza fedha zitolewe kwenye njia moja ya usafiri na kupelekwa nyingine, tenganisha kwanza kasma mbili, yaani mafungu ya bajeti: ya maendeleo, inayojenga, na ya matumizi ya kawaida, inayolipa madereva, mafundi na nishati. Njia iliyojengwa kwa fedha nyingi bila ya fungu la kuiendesha humwacha abiria kituoni vile vile.

Kisha hesabu safari nzima ya abiria tangu mlangoni kwake. Treni ya chini ya ardhi huchukua watu wengi na haikwami kwenye foleni, lakini kuchimba njia yake ni ghali mno kuliko kulaza reli nyepesi, ya treni ndogo za umeme, juu ya ardhi, na kwa hivyo vituo vyake huwa vichache. Mjini Toronto, nchini Kanada, eneo la Scarborough lilipangiwa reli nyepesi ya vituo 7. Mwaka 2013 baraza la jiji likachagua treni ya chini ya ardhi yenye vituo 3. Gharama zilipopanda, mwaka 2016 kikabakishwa kimoja, na mwaka 2019 serikali ya jimbo ikarudisha 3. Julai 2023 treni kongwe ya eneo hilo iliacha reli, ikafungwa isifunguliwe tena, na abiria wakahamishiwa kwenye mabasi kabla njia mpya haijakamilika.

Hapa Unguja reli ya Bububu ilikwisha zamani, lakini kipimo ni hicho hicho tunapochagua baina ya kupanua barabara na kuongeza magari. Chukua daftari, simama Mtoni kuanzia saa 12 asubuhi, uandike kila gari la 502, daladala ya njia ya Bububu, liendalo mjini: limepita saa ngapi, limepakia wangapi, limeacha wangapi. Safu hii ya mwisho ndiyo ninayoijali zaidi. Nilipokuwa nikihesabu, bibi mmoja mwenye pakacha la mihogo alipitwa na magari manne yaliyojaa, na hesabu ya nauli zilizokusanywa isingemwonesha kabisa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hivyo mfikishie diwani au mwakilishi pendekezo lako miezi mingi kabla, nalo lieleze wazi ni abiria wa njia ipi watakaopunguziwa usafiri na watasafirije siku utakapopunguzwa.