Tiba ya Kiwewe na Mazoezi ya Ubongo kwa Afya ya Mwili Inayodumu: Mwongozo wa Kuanza na Kuendelea

Mtu aliyepitia tukio la kutisha, iwe ni ajali, kipigo, ubakaji, vita au utoto uliojaa hofu, mara nyingi haendi kwa daktari kulalamikia kumbukumbu zake. Huenda kulalamikia mgongo unaouma, kichwa kisichotulia, tumbo linalovurugika kila mara, usingizi wa mang'amung'amu au shinikizo la damu lisiloshuka, na kila tatizo hutibiwa peke yake kana kwamba halina undugu na jingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo na kwa ajili ya anayemuuguza. Msimamo wangu ni kwamba tiba ya kiwewe, yaani ya jeraha la akili linaloachwa na tukio kama hilo, hushughulikia chanzo, mazoezi ya ubongo hulinda kile ambacho tiba imekirejesha, na yote mawili huzaa matunda pale ambapo mwili wenyewe nao unaendelea kupimwa na kutibiwa.

Jinsi hofu inavyogeuka ugonjwa

Ubongo unapotambua hatari, sehemu yake ndogo iitwayo amigdala hutoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na baadaye kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari huongezeka katika damu na usagaji wa chakula hupungua. Kwa hatari ya dakika chache, mpango huu huokoa maisha. Kwa mtu mwenye kiwewe, king'ora huendelea kulia ingawa mwizi aliondoka miaka mingi iliyopita: mlango ukibamizwa, mtu akipaza sauti au harufu fulani ikipita, mwili mzima huingia vitani upya. Gamba la mbele la ubongo, ambalo kazi yake mojawapo ni kuituliza amigdala, huzidiwa nguvu, na hipokampasi, inayosaidia kulipatia kila tukio wakati na mahali pake, hushindwa kuiweka kumbukumbu hiyo katika siku zilizopita.

Mwaka 1993, watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi mwili unavyochakaa kwa kulazimika kujihami mara kwa mara bila kupumzika. Miaka mitano baadaye, Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha matokeo ya kwanza ya utafiti wao wa San Diego, Marekani, kuhusu mateso ya utotoni, ambao hatimaye uliwahusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Waliokuwa wamepitia aina nne au zaidi za mateso ya utotoni walionekana kuugua zaidi magonjwa ya moyo, ya mapafu na ya ini. Sehemu ya uhusiano huo hupitia katika sigara, pombe na ulaji wa kujiliwaza, kwa sababu mtu aliyeumizwa hutafuta chochote cha kumtuliza. Ni vema ifahamike pia kwamba matokeo hayo huzungumzia hatari ya kundi zima la watu, wala hayatabiri yatakayompata mtu mmoja.

Anza kwa daktari wa mwili

Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza. Kabla ya kuamini kwamba mapigo ya moyo ya ghafla au uchovu usioisha vinatokana na kiwewe, pima shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na utendaji wa tezi ya thairoidi, kwa kuwa tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, jasho, mtetemeko na wasiwasi vinavyofanana mno na dalili za hofu. Maumivu ya kifua yanayokuja wakati wa kutembea hayasubiri mshauri nasaha, hupelekwa hospitali.

Huna haja ya kumsimulia daktari tukio zima. Inatosha kumwambia: "Nilipatwa na jambo la kutisha, na tangu hapo mwili wangu hautulii, naomba ulizingatie hilo unaponitibu, na uniambie kabla hujanigusa." Sentensi hiyo humsaidia kuchagua vipimo na namna ya kukuhudumia. Dawa za shinikizo, kisukari au mfadhaiko zisikatishwe kwa sababu tu umeanza tiba ya mazungumzo. Zikipaswa kupunguzwa, azipunguze aliyeziandika. Na ukiwa na mawazo ya kujiua au unaishi na mtu anayekuumiza sasa hivi, usalama wako hutangulia yote yanayofuata hapa: nenda kwenye huduma ya dharura iliyo karibu, au mwambie mtu unayemwamini akupeleke.

Kumpata mtaalamu na kujua kinachofanyika ndani ya chumba

Ushauri nasaha wa jumla hufariji, lakini kiwewe kilichokwisha kuwa ugonjwa huhitaji tiba inayokilenga chenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba za fikra na tabia zinazolenga kiwewe, pamoja na njia ya kusogeza macho huku mtu akikumbuka tukio, ambayo mwanasaikolojia Francine Shapiro alianza kuibuni mwaka 1987. Katika tiba za fikra na tabia, mojawapo hukagua imani zilizoachwa na tukio, kama vile "kosa ni langu" au "hakuna mahali salama," na kwa kawaida huchukua vikao 12 hivi. Nyingine, iliyojengwa na Edna Foa, humkabilisha mtu na kumbukumbu yenyewe kwa utaratibu, katika vikao kati ya 8 na 15, kila kimoja kikichukua takribani dakika 90.

Nitaeleza kwa karibu kinachotokea katika njia hiyo ya mwisho, kwa sababu watu wengi huikimbia kwa kutoijua. Katika vikao vya mwanzo mtaalamu hueleza mpango, hupokea historia na kumfundisha mgonjwa kupumua. Baadaye mgonjwa hufumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatokea sasa: ninafungua mlango, nasikia hatua nyuma yangu, mkono unanishika bega. Akimaliza, hurudia tangu mwanzo. Kila baada ya dakika chache mtaalamu humuuliza ukali wa hofu yake kwa namba, kuanzia 0 hadi 100. Masimulizi hurekodiwa, naye huyasikiliza nyumbani kati ya kikao na kikao. Kinachotafutwa si kusahau. Ubongo unajifunza, kwa kurudia mahali palipo salama, kwamba kukumbuka si sawa na kupatwa tena, na siku moja namba iliyokuwa 90 husemwa kuwa 40, huku mabega yaliyokuwa yamekaza yakiwa yameshuka bila mwenyewe kutambua.

Unapomtafuta mtaalamu, muulize bila aibu ni tiba gani ya kiwewe aliyofunzwa, vikao vitakuwa vingapi, na mtajuaje kwamba unapata nafuu. Anayejua kazi yake hujibu moja kwa moja. Mkwepe anayeahidi kukuponya kwa siku moja, anayekulazimisha kusimulia kabla hujawa tayari, au anayekushawishi kwamba ulitendewa jambo ambalo wewe mwenyewe hulikumbuki. Iwapo tukio ni la siku chache zilizopita, usilazimishwe kulisimulia lote katika kikao kimoja cha haraka, kwa kuwa desturi hiyo haikuonekana kuzuia kiwewe. Na dawa za usingizi za jamii ya diazepamu hazipendekezwi kwa watu wazima kuwa tiba ya dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Mazoezi ya ubongo yanayostahili muda wako

Neno hili hutumiwa ovyo. Michezo ya simu inayodai kunoa akili humfanya mtu awe hodari zaidi katika michezo hiyohiyo, na ushahidi kwamba hutibu kiwewe au kulinda mwili ni hafifu. Mwaka 2016 kampuni ya Lumos Labs, wamiliki wa programu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuishutumu kwa kuwadanganya wateja kuhusu manufaa ya michezo yake. Mazoezi ninayoyazungumzia hapa ni yale yanayoufunza ubongo kutulia, kuelekeza umakini na kulala.

La kwanza ni pumzi. Keti miguu ikigusa sakafu, macho yakiwa wazi, uvute hewa kwa puani kwa sekunde 4 na kuitoa polepole kwa sekunde 6, ambapo utapata pumzi sita hivi kwa dakika. Katika kasi hiyo mapigo ya moyo hupanda na kushuka kwa kufuata pumzi, ishara kwamba neva ya vagasi, inayoupunguzia moyo kasi, inafanya kazi. Fanya kwa dakika tano asubuhi na tano jioni, wakati umetulia. Anayeingoja hofu ipande ndipo ajaribu kwa mara ya kwanza atashindwa, kisha atasema zoezi halifai. Wapo ambao kuisikiliza pumzi yao huwatisha zaidi, hasa waliowahi kukabwa au kukosa hewa. Wao waanze na macho na mikono: wataje kimyakimya vitu vitano wanavyoviona, washike kitu chenye baridi, wasikilize sauti iliyo mbali kabisa.

Zoezi la umakini wa wakati uliopo, yaani kutazama kinachotokea sasa bila kukihukumu, ambalo Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha hospitalini mwaka 1979 na ambalo leo hufundishwa kwa kozi ya wiki nane, lina faida kwa maumivu sugu na msongo wa mawazo. Hata hivyo kwa mwenye kiwewe kipya, kukaa kimya kwa muda mrefu kunaweza kufungulia kumbukumbu nyingi kwa mpigo, hivyo anza na dakika tatu na umjulishe mtaalamu wako.

Kutembea kuna nafasi ya pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja walionekana hipokampasi yao imeongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi, ilhali ya waliofanya mazoezi ya kujinyoosha ilipungua. Zoezi hilohilo hunufaisha moyo, sukari na usingizi, jambo ambalo hakuna programu ya simu inayoweza kujigamba nalo.

Usingizi nao hufunzwa. Amka saa ileile kila siku, panda kitandani pale tu usingizi unapokuja, na ukikaa macho kama dakika 20 toka kitandani ukafanye jambo la utulivu. Kwa jinamizi linalojirudia, andika ndoto hiyo mchana, ubadilishe sehemu yoyote unayotaka, kisha uipitie akilini ile ndoto mpya kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Mwanzoni chagua ndoto isiyokuumiza kupita kiasi.

Ipo pia tiba ambayo mgonjwa huwekewa vihisi kichwani na kujifunza kubadili mawimbi ya ubongo wake kwa kuyatazama kwenye skrini. Jaribio la mwaka 2016 lililowahusisha watu 52 wenye kiwewe sugu lilionyesha nafuu baada ya vikao 24. Ni habari ya kutia moyo, lakini tafiti zake bado ni ndogo, na gharama huwa kubwa. Mwenye uwezo wa kulipia kimoja tu alipie kwanza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe.

Kufuatilia na kuendelea

Weka daftari moja. Andika saa ulizolala, maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10, siku ulizotembea, na shinikizo la damu kama unalo tatizo hilo. Usisome kurasa zake kila siku. Zipitie mwisho wa wiki, kisha uende nazo kwa daktari na kwa mtaalamu. Wiki za mwanzo za kuikabili kumbukumbu, usingizi na maumivu vinaweza kuzidi kwa muda, na hapo ndipo wengi huacha. Mwambie mtaalamu apunguze kasi badala ya kutoweka. Ugonjwa wa moyo au kisukari uliokwisha kuingia utaendelea kuhitaji dawa hata akili ikitulia, ingawa mtu aliyelala vizuri huzimeza kwa mpangilio na huona wepesi wa kuacha sigara.

Dalili zikirudi karibu na tarehe ya tukio, baada ya msiba au wakati wa ugonjwa, usihesabu kwamba umeanza upya. Rudisha pumzi ya asubuhi na jioni, rudisha saa ya kuamka, na ikiwa wiki mbili au tatu zimepita bila nafuu, omba vikao vichache vya nyongeza kwa mtaalamu yuleyule, ukiwa umebeba daftari lako.