Jinsi ya kusoma habari ya utafiti wa dawa au chanjo kabla hujaituma kwenye grupu

Jamani hizi meseji za "dawa imepatikana" zinaingia kwenye magrupu kila siku na wengi tunasoma kichwa cha habari tu tunamrushia ndugu anayeumwa. Naomba ukiipata tulia kwanza.

Cha kwanza tafuta wamejaribu kwa nani, panya au watu? Za kansa nyingi ni panya au seli za maabara, na dawa nyingi zinazomponya panya zinaishia hukohuko, kwa hiyo usimpe mgonjwa tumaini la kesho.

Kama ni watu, angalia hatua. Ya kwanza watu wachache, wanaangalia usalama, ya pili wanatafuta dozi na kama kuna dalili ya kufanya kazi, ya tatu ndo mamia hadi maelfu ya watu na ndo yenye uzito. Mfano chanjo ya malaria ya R21, hatua ya tatu walikuwa watoto kama 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, yani Kilifi na hapa Bagamoyo, watoto wetu kabisa, halafu mtu anakuambia utafiti ni mambo ya Wazungu.

Sasa kwenye asilimia ndo watu wanateleza sana. R21 ilizuia malaria kwa asilimia 75 kwenye maeneo ya malaria ya msimu na 68 kwenye malaria ya mwaka mzima, na hapo ni kwa mwaka mmoja. Hiyo 75 haina maana kwamba kwa watoto 100 wataumwa 25! Ni kulinganisha na wasiopata. Tuseme kwenye watoto 100 wasiochanjwa wanaumwa 40, basi kwenye 100 waliochanjwa wataumwa kama 10 hivi. Na wale wa kulinganishwa nao hawakuachwa hivihivi, walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na mzazi hajui mwanae kapata ipi, ndo maana majibu yanaaminika.

Halafu uliza ni kwa muda gani. RTS,S, chanjo nyingine ya malaria, ile iliyopitishwa na WHO 2021, utaona imeandikwa asilimia 36, watu wakaidharau wakasema R21 ya 2023 ni mara mbili yake, kumbe ile 36 ni ya kumfuatilia mtoto karibu miaka 4 na dozi 4, huwezi kuiweka mizani moja na ya mwaka mmoja.

Mwisho tafuta namba ya usajili wa utafiti, mara nyingi inaanza na NCT (daftari la Marekani) au PACTR (daftari la Afrika). Ukiwa na ya NCT iandike ClinicalTrials.gov, ni bure, utaona nchi, idadi ya watu na nani kagharamia. Ni Kiingereza, ila mwombe hata kijana wa sekondari akusomee. Namba ikikosekana muulize aliyetuma kaitoa wapi, na kama yeye ndo anauza hiyo dawa usinunue, mpeleke mgonjwa hospitali.