Somo: Pumzi kabla ya kalamu

Wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi hapa Tanga, somo la leo si la vina wala la kumjenga mhusika. Ni la mwili unaoandika: yoga kidogo, pumzi na tafakuri kabla ya kuandika. Mtu amekunja mgongo tangu magharibi, mabega yamepanda, pumzi inaishia kooni, halafu anashangaa sura ya tatu haisogei. Naamini sehemu kubwa ya tunachokiita kuishiwa mawazo ni uchovu na wasiwasi, na hayo yanatulizwa kabla hujagusa karatasi.

Wakati mzuri ni alfajiri, baada ya swala, kabla bodaboda za Ngamiani hazijaanza kunguruma. Simu ibaki chumba kingine.

Hatua ya 1: Mgongo. Tandika mkeka. Piga magoti, viganja chini. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na uinue kifua. Ukiitoa, kunja mgongo kwenda juu. Rudia polepole mara nane hivi. Kisha kalia visigino, paji la uso liguse mkeka, mikono mbele. Mwenye mimba atanue magoti.

Hatua ya 2: Pumzi. Hapa msiharakishe. Keti wima. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, dakika tano. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na huipunguza tunapoitoa, kwa hiyo kurefusha kutoa pumzi kunaupa nafasi ule upande wa mfumo wa fahamu unaotuliza mwili.

Washairi mna faida ya ziada. Mshororo wetu wa kawaida, yaani mstari mmoja wa shairi, una mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, na unatosha ndani ya pumzi moja. Baada ya zile dakika tano, ghani ubeti unaoujua kwa moyo, kila mshororo kwa pumzi yake. Kisha ghani wako. Mizani ikipungua, kifua kitakwambia kabla ya vidole. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa jirani, mwaka 1909, katika jamii iliyolijua shairi kwa sikio kwanza. Inanisikitisha kuona vijana wenye vipaji wakihesabu mizani kwa macho tu.

Hatua ya 3: Tafakuri. Ziko namna mbili. Katika ya kwanza unashika kitu kimoja, tuseme pumzi inavyopita puani. Wazo likikuchukua, unarudi. Katika ya pili huzuii chochote: jogoo, harufu ya bahari, sauti ya bibi yako. Unakitambua, unakiacha kipite. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba namna hii ya pili iliwasaidia watu kubuni matumizi mengi ya kitu cha kawaida kuliko ile ya kwanza. Lilikuwa jaribio dogo, na kubuni matumizi ya kitu si kuandika riwaya. Hata hivyo, mimi hushauri namna ya pili siku ya rasimu na ya kwanza siku ya kuhariri.

Hatua ya 4: Andika papo hapo. Dakika 20, bila kufuta. Chai baadaye.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mwislamu. Yoga si ibada ya wenzetu?*

Marahaba mwanangu. Yoga imetoka India, na kwa wengi kule ni sehemu ya dini, sitakuficha. Katika hatua hizi hakuna dua ya dini nyingine wala maneno ya kurudia, ni kunyoosha viungo na kupumua. Shaka ikibaki, muulize shekhe wako, na kwa sasa fanya hatua ya pili na ya nne tu. Ukifanya huku nafsi inakusuta, hutatulia.

*Magoti yangu mabovu, na nina presha.*

Kalia kiti, dada, nyayo chini. Usibane pumzi, usikae kichwa kikiwa chini, na mweleze daktari wako unachofanya.

*Mstari mzuri ukinijia katikati ya tafakuri, niamke niuandike?*

Hapana. Fungua macho, andika neno moja la kukukumbusha, uendelee. Ukiuandika mzima, kesho utaketi ukiwinda mistari, na utulivu utakuwa umekwisha.

*Mwalimu, nikifumba macho namwona marehemu mama. Nalia, siandiki kitu.*

Pole sana, mwanangu. Usijilazimishe kufumba macho. Tafakuri huibua majonzi kwa baadhi ya watu, nawe hujakosea popote. Badala ya kuketi, tembea ufukweni Raskazone asubuhi, ukizihesabu hatua pamoja na pumzi. Ukitaka kumwandika, anza na kitu alichokishika kila siku, upawa au kanga yake, na siku ya msiba uiache kwanza. Usingizi ukikukimbia kwa wiki kadhaa, nenda hospitali uzungumze na mshauri nasaha, na umwambie ndugu mmoja unayemwamini akusindikize.