Namna ya kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri ukiwa kijijini
Wadau, hii hela ipo kisheria na haina riba kabisa, asilimia 4 akina mama, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, sasa inauma kuona mtu anauza shamba kisa mikopo ya mtaani. Anzeni na kikundi cha watu mnaoaminiana kweli, maana mmoja akikimbia deni linabaki kwenu wote. Andikeni katiba, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasaidie kusajili, fungueni akaunti ya kikundi, halafu andiko la mradi liwe la kitu mnachokijua, kama ni kuku basi kuku. Mkiombwa "ya soda" msitoe.